Malimi na Mkwe wa Nyuma ya Shuka

Marehemu Malimi, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kukaa kitini. Hata kuandika aliandika amesimama, karatasi juu ya friji bovu la ofisini, mguu mmoja ukigongagonga sakafu. Alifundisha shule ya msingi huko Misungwi, akaacha. Magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuchipuka, akaingia gazeti dogo la wiki hapa Mwanza, lililopanga chumba juu ya duka la vipuri la mzee Tayabali. Wenzake walikimbilia habari za vyama vipya vya siasa na viwanda vya minofu ya sangara. Yeye aliomba apewe ukurasa wa nyumbani: ndoa, wakwe, watoto, nani anakula na nani. Wakamcheka, wakamwita Shangazi. Haukupita muda mrefu, Tayabali mwenyewe akawa anapanda ngazi kila Ijumaa kuuliza Shangazi ameandika nini safari hii.

Habari zake alizitafuta kwa miguu. Asubuhi yuko mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, kwa wanawake wa dagaa, mchana yuko Kisesa kwenye harusi ya mtu asiyemjua. Aliuliza kila mtu kila kitu, na watu walimjibu. Mtu mmoja tu hakuweza kumwuliza lolote, naye alilala chini ya paa lake.

Huyo alikuwa Paskazia, mama wa mkewe Wilhelmina. Kwa Wasukuma wenye malezi ya zamani, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anapisha vichakani. Lakini mwaka wa tisini na tatu bibi huyo alitoka Misungwi na kifurushi kimoja, akaingia chumba cha uani katika nyumba waliyopanga Butimba, akatundika shuka mlangoni, akabaki. Tangu siku hiyo Malimi alikohoa kila alipotaka kutoka uani, ili mkwe wake apate kujificha.

Jambo kama hilo mwandishi angeliachaje? Aliandika habari ya bibi ambaye wanawe waliuza ng'ombe wa marehemu baba yao kisha wakamfukuza, akapokelewa na mkwe asiyeruhusiwa hata kumwona. Wasomaji walilia. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam akapiga simu ofisini: akusanye maandishi yake yawe kitabu, na hilo la bibi litangulie. Malimi alirudi nyumbani nusu anakimbia.

Akamkuta Wilhelmina amenuna. Mgeni kutoka Misungwi alikuwa amemsomea mama yake gazeti, na sasa mama anafunga kifurushi.

"Sikumtaja jina," Malimi alisema.

"Baba Sabina, Misungwi nzima nani mwingine analala nyuma ya shuka kwa mkwe wake?"

Akamsihi aende amwombe mama abaki, amwulize pia kama lile andiko linaweza kuingia kitabuni. Wilhelmina akakataa. "Ulipoandika hukunituma. Na kuuliza usinitume."

Siku zilizofuata Malimi hakutulia mahali. Alitembea mpaka ufukweni, akatazama Jiwe la Bismarck lililosimama majini kama analiona mara ya kwanza, akarudi. Mchapishaji alingoja jibu. Alijua bibi akiondoka hivyo, watu watasema mkwe amemfukuza kwa kalamu, na Wilhelmina hatamsamehe.

Kwa desturi, kukiwa na neno la lazima, mtu humwambia mtoto huku mkwe anasikia. Lakini binti yake Sabina alikuwa bado mchanga, na siku hiyo mama yake alimbeba mgongoni kwenda kwenye sala ya jumuiya. Uani alibaki kuku tu, anaparua majivu.

Malimi akakohoa. Akainamisha macho.

"Wewe kuku," akasema kwa Kisukuma, "mwulize bibi humo ndani kama anaondoka kwa sababu yangu."

Kuku akaendelea kuparua. Kisha sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Kuku, mwambie mwalimu huyo, wenzake huuliza kabla ya kuandika."

Malimi akatembea mpaka ukutani, akarudi. "Kuku, mwambie nimekosa. Lakini si kweli kwamba wanawe walimfukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza. Wanangu walilia nilipoondoka, na leo huko Misungwi wanazomewa kwa ajili ya gazeti lake. Nilikuja kwa sababu binti yangu alizika watoto wawili akiwa katika nyumba hii, na mumewe yuko mjini anaandika watoto wa wenzake. Mimba ya tatu nikasema nitailinda mwenyewe, hata kama ni aibu kulala kwa mkwe."

Malimi akakaa chini, pale pale kwenye majivu. Makaburi yale aliyajua. Ni yeye aliyebeba yale majeneza madogo, na tangu hapo miguu yake haikukubali kukaa nyumbani. Lakini hakuwahi kuyaandika, wala hakuwahi kumwuliza mkewe yeye anayabebaje.

"Kuku," akasema baadaye, "mwambie nitaandika upya, gazetini kwanza, niseme nilikosea. Kitabu kingoje. Namwomba asiondoke."

"Aandike. Nitasikia kwanza, ndipo nijue la kufanya na kifurushi changu."

Aliandika palepale uani, amekaa, akamsomea kuku. Bibi alimrekebisha mara kadhaa. Gazeti likatoka, na huko Misungwi zomeazomea ikaisha. Kitabu nacho kilitoka mwaka uliofuata. Lakini habari ya kifurushi hakuambiwa kamwe. Akimwuliza Wilhelmina, Wilhelmina anasema hajui. Basi Malimi akawa anawahi kurudi. Safari za mbali alizikata, jioni anampakata Sabina huku sikio liko uani, asije mtu akatoka na mzigo.

Kifua kilimchukua mwaka wa tisini na tisa, Bwana alivyopenda. Siku ya kuzika, Paskazia alisimama mbali na kaburi, kanga imefunika uso, kama desturi inavyotaka. Watu walipoanza kushika majembe, akamwita padri.

"Baba Padri, mwambie huyo aliyelala hapo, kifurushi nilikifungua jioni ile ile. Nilimwachia wasiwasi tu, apate kukaa na mke wake."

Padri akarudi kaburini, akainama, akamwambia.