Redio ya Mzee Senkondo

Mimi ni balozi wa nyumba kumi kijijini kwetu, bondeni chini ya Gonja, na cheo kimenikolea kidogo. Juzi tulikusanyika kwenye shamba la ujamaa kumsikiliza katibu kata. Nilikaa mbele, nikipiga makofi kila wenzangu walipopiga, kama nifanyavyo siku zote.

Mara nikamwona mzee Senkondo, aliyehamia kwetu hivi karibuni kutoka Lembeni, ana kisanduku kifuani na waya umeingia sikioni. Nikajua anasikiliza mpira redioni huku kiongozi anahutubia. Damu ya uongozi ikanichemka.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana adabu ninayo. Kabla hajaitikia, nikamvua kile kisanduku. Watu wakageuka kututazama. Ili niwatangazie watu ni mpira gani huo, nikajitia waya sikioni.

Mpira haukuwepo. Nilisikia majani ya mahindi yakisuguana kwa upepo. Nikamsikia na mke wangu, aliyeketi nyuma yangu, akimnong'oneza jirani: "Kiziwi ni huyu wangu, ila hospitali hataki kwenda. Kila siku namfokea mpaka koo linaniuma."

Katibu kata akasogea karibu. "Balozi, hiyo si redio, ni mashine ya kumsaidia kusikia. Mrudishie mzee wa watu."

Mzee Senkondo akanyoosha mkono. Nami, mbele ya kijiji kizima, mdomo ukawahi kuliko akili:

"Nivumilie kidogo, mzee wangu. Ndiyo kwanza nasikia."