Nani Anakaa na Hiki?

Asubuhi ile niliondoka Awindiri, mtaa wetu pale Arua, bila kumwambia mtu ninakokwenda, kwa sababu hata mimi sikujua. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, barabara haikuwa na vumbi, na miguu yangu ilikuwa imechoka kukaa. Shule niliiacha darasa la tano. Tangu hapo nilikuwa nimeosha magari ya watu, nimepakia tumbaku kwenye malori, nimeuza samaki wakavu sokoni Arua, na kila kazi niliiacha siku niliyoona nimeielewa. Shangazi aliyenilea alisema nina ugonjwa wa barabara. Nilichukua blanketi, kisu na shati la pili, nikaelekea kusini.

Karibu na Kuluva niliona moshi nyuma ya mashamba ya mihogo. Ulikuwa mzito mno kuwa wa jikoni, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele, kwa hiyo haikuwa nyumba inayoungua. Niliacha barabara kwenda kuutazama.

Nilikuta banda refu la mabati, halina kuta, na mbele yake uwanja ulioungua mpaka udongo umekuwa mwekundu. Wanawake walikuwa wanatoa vyungu majivuni kwa fimbo ndefu, kimoja kimoja, huku wakigeuza nyuso pembeni kwa joto. Banda lilikuwa la watu wote wa vijiji vya pale. Hukutozwa kitu kulitumia. Ulitakiwa kuchimba udongo wako, kuleta nyasi na kuni zako, na kufuata sheria za moto. Katikati ya miaka ile ya sabini sufuria zilikuwa zimepotea madukani, pamoja na sukari na sabuni, na hata wake wa wakubwa wa mjini walikuwa wamerudi kwenye chungu. Banda halikukaa tupu.

Kwenye kona kulikuwa na magurudumu mawili ya kufinyangia yaliyoletwa zamani na mradi fulani. Juu ya moja zilianikwa karanga. Juu ya jingine kuku alikuwa amelalia mayai.

"Hayo hayatumiki?" niliuliza.

"Yanatumika," alijibu mwanamke mmoja mwenye pengo la meno ya mbele. "Wewe huoni kuku iko kazini?"

Wenzake walicheka. Kilugbara changu kilikuwa kibovu, cha mtoto wa mjini, kwa hiyo walinisemesha kwa Kiswahili chetu cha sokoni. Niliwaambia ninataka kujifunza kufinyanga. Walicheka zaidi.

"Mwanaume iko na kazi ya kuchimba na kubeba kuni," alisema yule mwenye pengo. "Kufinyanga utaweza wapi? Ndevu zako zitaanguka ndani ya udongo."

"Sina ndevu, mama."

"Basi hata mwanaume bado. Chukua jembe."

Nilichukua jembe. Nilichimba udongo bondeni, wa kijivu, unaonata kama enya, ugali wetu wa mihogo, iliyopikwa vizuri, nikaubeba mpaka bandani. Jioni walinipa mihogo ya kuchemsha juu ya kigae. Darasani tulifundishwa kwamba mfinyanzi hulia gaeni, nami nilidhani ni fumbo tu. Pale ilikuwa hivyo hasa: vyungu vizima vilikuwa vya watu wengine. Nilipouliza pa kulala waliniambia bandani, lakini nifukuze mbuzi wanaokuja kujikuna kwenye vyungu vibichi. Ndivyo nilivyobaki.

Nilichimbia kila mtu, na kila mapumziko nilikaa na donge langu. Nilijifunza kutwanga vigae vya zamani na kuchanganya unga wake na udongo ili chungu kivumilie moto. Nilijifunza kufinyanga kitako ndani ya kigae kipana, kuviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, kukwangua kwa kipande cha kibuyu, kung'arisha kwa jiwe la mtoni. Mikono yangu ilielewa polepole kuliko macho yangu. Hilo ndilo lililonishika. Kazi nyingine zote nilizielewa kwa kutazama, hii ilikataa.

Na kulikuwa na sheria ya moto. Siku ya kuchoma, vyungu vyote hupangwa pamoja katika lundo moja, mdomo kwa kitako, kisha hufunikwa kwa kuni, magome na nyasi. Chungu kilichofinyangwa vibaya hupasuka motoni kwa kishindo, na vipande vyake huvunja vilivyo jirani. Kwa hiyo kabla ya kupanga, kila mmoja aliinua chake mbele ya wenzake na kuuliza, "Nani anakaa na hiki?" Ilibidi mtu ajibu, "Changu kinakaa," na kuweka chungu chake ubavuni mwa kile. Kama hakuna aliyejibu, chungu hakiingii. Bibi mzee aliyesimamia moto hakusema neno katika shauri hilo. Alingoja tu, na ukimya ukizidi, alikuonyesha kwa kidevu ukakitwange.

Chungu changu cha kwanza nilikianika juani kwa haraka, kikachanika kabla hata ya siku ya moto. Cha pili nilikikausha kivulini kama wao. Siku ilipofika nilikiinua kwa mikono miwili.

"Nani anakaa na hiki?"

Nilisikia mbuzi wakitafuna nyasi za watu.

"Hii si chungu," alisema mwenye pengo mwishowe. "Hii iko jiwe. Ukuta wake mzito, maji iko bado ndani ya udongo. Ikiona moto italia bum, na sisi tutalia nyuma yake."

Nilikitwanga. Cha tatu pia hakikupata jirani, kwa sababu mdomo ulikuwa umelala upande mmoja, ingawa nilisema mdomo haupasui mtu.

"Mtu wa mdomo mbaya anapasua kijiji," walinijibu, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Usiku wa siku hiyo nilikunja blanketi kabisa ili niondoke. Kisha nikajiuliza ninakwenda kufanya nini huko, na jibu lilikuwa lile lile la kila mara: kutazama kitu kingine. Nililikunjua blanketi. Niliamua kwamba safari hii sitaondoka mpaka mtu aseme, "Changu kinakaa."

Chungu cha nne kilikuwa kidogo, cha kutosha maji ya watu wawili. Nilitoa kokoto na mizizi kwenye udongo mpaka vidole vikawa na malengelenge. Nilikikwangua ndani hadi nilipohisi kidole cha nje kwa kidole cha ndani. Mwenye pengo alikuwa akinitazama bila kuacha kazi yake. Yeye alikuwa na mtungi mkubwa, ulioagizwa na mama mmoja wa Kinubi wa Koboko aliyepangisha vyumba kwa wasafiri na kutaka maji baridi ukumbini. Alipokuwa anapandisha mabega ya mtungi huo aliinama ndani mpaka kiunoni, ukaona miguu tu.

Siku ya moto nilisubiri karibu wote wamalize. Nikainua changu.

"Nani anakaa na hiki?"

Kimya kilianza. Nilikuwa nimekwisha kujua urefu wake. Halafu mwenye pengo akasimama.

"Mimi sijauliza wangu bado," alisema. "Mtungi wangu mkubwa, watu wanaogopa, kwa sababu kikubwa ikipasuka inachukua wote. Ya huyu kijana mbaya, watu wanaogopa pia. Basi waoga wakae huko, sisi tukae huku. Changu kinakaa."

Kisha akanigeukia. "Lakini ikivunja wangu, wewe utakuwa mtungi yangu. Utabeba maji mpaka uzeeke."

Vyote viwili viliwekwa pembeni mwa lundo, upande wa bonde. Bibi wa moto aliwasha nyasi kuanzia upande wa upepo. Nilikaa nimechuchumaa, nimefumba mikono, nikisikiliza. Moto ulipofika kwetu kulitokea kishindo kimoja, kizito, kama mlango wa gari la jeshi unapofungwa. Kila mtu alinitazama. Mimi nilitazama chini.

Walipoondoa majivu, mtungi mkubwa ulikuwa umefunguka kuanzia kitakoni mpaka begani. Kando yake chungu changu kilikuwa kizima, chenye wingu jeusi upande mmoja. Mwanamke mmoja alianza kusema kwamba walijua, kwamba mwanaume ametia mkono. Mwenye pengo aliuinamia mtungi wake. Alisubiri vigae vipoe kidogo, akavikusanya, akavipanga juu ya nyasi mpaka mtungi ukarudi umbo lake, umelala. Kisha akaonyesha kwa fimbo.

"Imeanza hapa, kitako. Chini ardhi ilikuwa na maji ya mvua, mimi sikuweka majivu makavu. Ya kijana ilikuwa huku juu. Huku kuko kuzima." Akasimama, akajipangusa magoti. "Imepasuka yenyewe. Kijana, jembe iko wapi? Mtu wa Koboko bado anataka maji."

Jua lilikuwa bado halijapinda. Tulishuka bondeni pamoja, na hakuzungumza tena habari ya mtungi uliovunjika isipokuwa alipovitwanga vigae vyake ili kuvichanganya kwenye udongo wa mtungi mpya. Ningeweza kuondoka wakati huo. Nilikuwa nimeshapata nilichosubiri. Lakini alikuwa amenipa ubavu wake, na ubavu wake ulikuwa umebaki vipande. Nilifinyanga chungu kingine.

Siku ya moto uliofuata aliinua mtungi mpya akisaidiwa na mwenzake, maana mtu mmoja hakuweza.

"Nani anakaa na hiki?"

Hakuna aliyejibu. Mtungi uliopasuka ulikuwa bado masikioni mwa watu. Wanawake walitazama vyungu vyao, wengine vikiwa na wateja wanaongoja sokoni, na sikuwalaumu. Kwa sheria ile, neno langu halikuwa na uzito mpaka chungu changu kimoja kiwe kimepita motoni. Sasa kimoja kilikuwa kimepita.

"Changu kinakaa," nilisema.

Sauti ilitoka nyembamba. Bibi wa moto, ambaye hakuwahi kusema katika shauri lile, aliguna tu, akaja mwenyewe na karai la majivu makavu akayamwaga chini ya mahali pa mtungi. Mwenye pengo alinishika kidevu.

"Ndevu zimeanza," alisema.

Vyote viwili vilitoka vizima. Aliuogesha mtungi kwa maji mekundu ya magome yaliyochemshwa, ungali moto, ukanguruma na kufuka mvuke, na harufu yake ilikaa nguoni mwangu mpaka nguo ile ilipoisha. Mtungi ulipopoa alinikabidhi niupeleke Koboko. Chungu changu cha kwanza kupita motoni, kile chenye wingu jeusi alichokuwa amenitunzia, alinirudishia pia.

"Hii huuzi, na huwezi kuweka," alisema. "Ya kwanza inaachwa katika nyumba ya mtu asiye ndugu. Wewe ndugu huna huko. Itakuwa rahisi."

Niliteremka Arua na mtungi umefungwa kwa nyasi na kamba za migomba, nikapata lori lililorudi tupu baada ya kushusha tumbaku. Kutoka Arua mpaka Koboko barabara ilikuwa mawe na mashimo. Nilikaa chini nyuma ya lori, mtungi katikati ya miguu yangu, nimeukumbatia kama mgonjwa, na chungu kidogo ndani ya shati. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliniamuru nifungue nyasi. Aliingiza kichwa mtungini, akaita jina lake mwenyewe asikie linavyorudi, akacheka, akaturuhusu. Nilipofika nilikuwa siwezi kunyoosha magoti, lakini mtungi haukuwa na alama.

Nyumba ya mama yule ilikuwa nyuma ya soko, yenye ukumbi uliofagiliwa na mikeka ya rangi ukutani. Alikuwa amevaa shuka ya maua, na mkononi alikuwa na kawa aliyokuwa anaisuka.

"Salaam aleikum, mama. Nimeleta mtungi."

"Aleikum salaam. Huu mtungi nimengoja mpaka nikasahau kiu." Aligonga begani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga chini. "Mzuri. Na wewe unalala wapi?"

"Sijui bado. Kuna chumba?"

"Vyumba vimejaa. Wafanyabiashara wa kutoka mpakani wamelala mpaka jikoni." Aliona shati langu limevimba. "Hiyo nini, umeiba mtoto?"

Nilitoa chungu, nikamweleza: kwamba ni cha kwanza, kwamba hakiuzwi, kwamba kinaachwa katika nyumba ya mtu asiye ndugu. Alikishika, akakizungusha, akakiona kile kiwingu.

"Kinaweka maji?"

"Sijakijaribu, mama."

"Umetoka Kuluva na chungu ambacho hujui kinaweka maji?"

Aliita maji. Akajaza mtungi kwanza, kisha changu, akavisimamisha juu ya mchanga kwenye kona ya ukumbi, ubavu kwa ubavu. Akarudi kwenye kawa yake, nami nikakaa sakafuni mbele ya vile viwili kama nilivyokaa mbele ya moto. Wafanyabiashara walipita wakiniuliza nimepoteza nini. Muda ulipita, na mchanga chini ya chungu changu ulibaki mkavu. Halafu ukuta wake ulianza kutoa matone madogo, kila mahali sawasawa, mpaka kwenye kile kiwingu cheusi.

Mama alikuja, akapitisha kidole juu ya matone hayo, akakigusisha ulimi.

"Kinatoka jasho," alisema. "Kiko hai." Akasogeza kwa mguu magunia yaliyokuwa ukutani, kando ya mtungi, mpaka pakabaki nafasi ya mtu mmoja kujinyoosha. "Leta blanketi lako. Utakaa na hivi."