Nilimzuia Mama Ndeshi Kuhamia Chumbani Ili Kesi Yetu Inoge

Nimekosa, jamani. Sina wa kumsingizia. Hata shetani simtaji, maana nadhani siku ile na yeye alikaa pembeni ananishangaa.

Msihangaike kunitafuta. Moshi ni ndogo, na mama yangu mzazi bado anakwenda jumuiya ya kanisani kule Old Moshi akijisifu kwamba mwanawe anatetea wanyonge.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye shirika dogo la haki za binadamu. Mimi si wakili. Ila nilivaa koti, nilibeba mkoba, na watu wakiniita wakili sikuwasahihisha. Thubutu!

Basi, mwekezaji mmoja alinunua kiwanja chenye vibanda vya wapangaji. Asubuhi moja, watu wako kwenye chai, likaja katapila. Hakuna taarifa, hakuna muda wa kuhama. Likalaza ukuta baada ya ukuta.

Kati ya waliobomolewa alikuwepo Mama Ndeshi, mjane wa kutoka mlimani. Mumewe alipofariki, shemeji zake waligawana kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba na kahawa vyote, wakamwachia pole. Akashuka mjini, akawa anawauzia mafundi gereji mtori, ile supu nzito ya ndizi. Siku ya katapila aliokoa godoro na sufuria yake kubwa.

Shirika letu likaamua kwenda Mahakama Kuu. Hoja yetu ilikuwa nzuri, na hilo silijutii: kumbomolea mtu makazi bila taarifa ni kumvunjia haki ya kuishi na utu wake. Wakili wetu halisi, dada mmoja anaitwa Neema, akatueleza kwamba sheria inataka anayelalamika awe ameguswa yeye mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoharibu! Mimi na ujuaji wangu nikasikia "ameguswa", nikaelewa "aendelee kuteseka".

Majirani wengine waliondoka kimyakimya, wakajibanza kwa ndugu zao. Mama Ndeshi peke yake ndiye aliyebaki kwenye kiwanja cha jirani, chini ya turubai. Nikamwona lulu. Mjane, mkulima aliyenyang'anywa, mvua ya masika inamnyeshea, na Kilimanjaro nyuma yake ikiamua kujitokeza. Picha niliyompiga pale iliwatoa wafadhili wetu machozi.

Halafu akatokea Mzee Shabani kutaka kutuharibia kazi. Huyu ni fundi cherehani pale mtaa wa Majengo, alikuwa mteja wa mtori. Alisafisha chumba cha uani alichokuwa anawekea vitambaa, akamwambia Mama Ndeshi ahamie bure mpaka mambo yakae sawa.

Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu. Mimi moyo ulinidunda kama mtu anayeibiwa! Wageni wetu kutoka Ulaya, wale wafadhili, walikuwa wanakuja wiki inayofuata.

Nikaenda mbio pale kwenye turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja wakati mzuri, nisaidie kukunja godoro."

"Mama, subiri kidogo. Ukihama sasa, kesi itakufa."

"Itakufaje? Nyumba si walishabomoa?"

"Mahakama lazima ikukute huna makazi."

Akaniangalia. "Kwa hiyo nikilala kitandani, katapila litakuwa halikupita?"

Swali lile lilitosha. Mtoto wa darasa la nne angejibu. Mimi nikamtolea hotuba! Nikataja katiba, nikataja mikataba ya kimataifa, nikamwambia anawawakilisha maskini wote wa nchi hii na asiwasaliti kwa sababu ya chumba kimoja.

Mama wa watu akalitandika tena godoro lake chini. "Haya, wakili. Wewe ndiye uliyesoma."

Mungu wangu, neno lile!

Wageni walikuja. Tukafanya semina ya watu wasio na makazi kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mimi nililala hapohapo hotelini, ingawa nyumbani kwangu ningeweza kufika kwa miguu. Mama Ndeshi tukampandisha jukwaani, akasimulia, watu wakalia, wakapiga makofi, wakaenda kula. Naye akala, kisha gari la shirika likamrudisha kwenye turubai, mvua inamwagika kama imefunguliwa bomba.

Na mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa gari ashuke! Nikamwambia, "Umeongea vizuri sana, mama."

Kabla mwezi haujaisha aliugua nimonia. Mzee Shabani ndiye aliyemkuta anatetemeka, akampeleka hospitali. Nami nikafika na matunda na uso wa huruma. Mzee wa watu hakunipigia kelele. Alisema tu, "Chumba kile nimempa binti yangu, ndoa imemshinda huko Bomang'ombe, amerudi na watoto. Kilikaa wazi kinamsubiri huyu mama. Alikuwa anasema wakili amekataa."

Wakili Neema alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanivuta nje kwenye korido.

"Nani alikwambia lazima alale nje?"

"Wewe ulisema awe ameguswa mwenyewe…"

"Aliguswa siku alipobomolewa! Angehamia hata ikulu, kesi ingekuwa ileile! Hivi ulikuwa unaijenga kesi au albamu?"

Nikaubana mkoba wangu kwapani, nikaondoka.

Kesi tulishinda, jamani. Sheria ilifanya kazi yake. Mahakama ilisema ubomoaji ule ulikuwa batili na waliobomolewa wote walipwe fidia. Wale majirani waliohamia kwa ndugu zao, ambao nilikuwa nawaona wamenisaliti, hakuna aliyepunjwa kwa kosa la kulala ndani. Aliyepunguziwa ni Mama Ndeshi! Upande wa pili walijua alipewa chumba akakataa, wakasema ugonjwa aliutafuta mwenyewe. Sehemu hiyo ya madai yake ikatupwa.

Mimi je? Shirika lilinipandisha cheo. Naapa! Ripoti ilipendeza. Ningependa kuwaambia niliacha kazi siku hiyohiyo, lakini nilikaa mpaka mkataba ulipoisha, nikijiita mtetezi huku siwezi kupita Majengo mchana.

Siku nilipopata ujasiri nilikwenda. Mama Ndeshi yupo kwa Mzee Shabani, analala chumba kimoja na yule binti na wajukuu. Kifua hakikupona sawasawa. Sufuria ya mtori hawezi tena kuinyanyua. Nilipiga magoti sakafuni nikaomba msamaha.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Inuka, utachafua suruali."

Akarudi kumenya ndizi. Hakuniuliza kitu kingine, wala hakuniita wakili.

Ndugu zangu mnaotetea maskini, nawasihi. Kwenda mahakamani nendeni, tena mkomae, haki haiji kwa kuombwa. Lakini siku mnyonge wako akipata msaada, sikiliza moyo wako. Ukiona umenyong'onyea badala ya kufurahi, acha hiyo kazi, nenda kauze vitunguu! Kesi inaweza kulala kwenye faili miaka na isipate hata kikohozi. Mtu alale kitandani.