Hatua Tatu za Papa Aïcha

Mama Nasra, na Nasra ni jina lake mwenyewe, anawajua watu kwa miguu. Ukipita nyuma ya nyumba yake kule Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, atakutaja jina kabla hajainua macho kwenye sufuria, na kama umeazima viatu atakuambia pia mwenye viatu ni nani. Majirani huona ni mchezo tu. Kumbe mchezo huo ndio uliompatia kazi.

Alikuwa akifagia hangari kuukuu karibu na stesheni, ambamo René na kundi lake huonyesha filamu kwa namna yao wenyewe. Picha inaonekana juu ya shuka jeupe, na waigizaji wa kweli wanatembea mbele yake na katikati ya watazamaji, wamevaa nguo zilezile za watu wa kwenye picha. Ukikaa vibaya, mtu uliyemwona sasa hivi kwenye shuka atakukanyaga kidole. Nyingi ni kanda za zamani zilizookotwa kwa wapiga picha wa mjini, unyevu umeshakula sauti zake. Basi sauti hutengenezwa papo hapo nyuma ya shuka: mvua ni mchele kwenye ungo, radi ni kipande cha bati. Siku moja Mama Nasra, fagio mkononi, alimwambia fundi wa sauti kwamba hatua zake ni za uongo, mtu aliyebeba gunia hakanyagi vile. René akacheka, akamwambia aonyeshe yeye. Akaonyesha, na tangu siku hiyo fagio likapata mtu mwingine.

Hufanya kazi akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku la kokoto, mikono ameitia ndani ya viatu. Ana jozi tisa. Moja ni ya mumewe.

Mumewe ni Bilali, ambaye yeye hamwiti ila Papa Aïcha, yaani baba wa Aïcha. Aliondoka kwa treni ya Ubundu wakati binti yao ana miezi minane, aunganishe kwa boti mpaka kwao Kindu akanunue mchele. Ubundu alionekana akipanda boti, na habari zake zikakatikia hapo. Wengine walisema boti ilizama. Wengine walisema alishukia njiani, ana mke mwingine na nyumba ya bati. Asiyekuwepo na lake halipo, kila mtu alimpangia maisha aliyoyataka yeye.

Miaka ishirini Mama Nasra hakuvaa nguo za msiba wala hakukaa eda. Mlango wake haukufungwa kamwe kabla ya isha, iwe mvua, iwe mbu. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu, ulikuwa woga, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Sasa Aïcha anaolewa, na kadi za harusi zinazongoja kuchapwa lazima zitaje jina la baba. Alingoja mamake amalize kula, akamwambia kwa upole, "Maman, mutu ya imprimerie anangoja mpaka lundi. Tuandike Bilali, ama tuandike marehemu Bilali?"

Mama Nasra alisema atafikiri. Aïcha akamkumbusha kwamba amefikiri tangu mwezi uliopita. Kadi ikiandikwa Bilali peke yake, upande wa bwana harusi watauliza mzee yuko wapi, mbona haji kumtoa binti yake. Ikiandikwa marehemu, basi mama ndiye atakuwa amesema. Hapakuwa na njia ya tatu, na Jumatatu ilikuwa siku tano mbele.

Kesho yake René alileta kanda mpya. Mpiga picha mmoja aliyekwisha kufariki alikuwa amerekodi treni ya Ubundu ikiondoka, miaka ishirini iliyopita, baada ya safari zake kusimama muda mrefu. René alitaka mabenchi ya hangari yapangwe kama behewa. Kila abiria wa kwenye picha atakuwa na mwigizaji wake aliyekaa kati ya watazamaji. Abiria akipanda treni, mwigizaji atainuka, atatembea, atatoka kwa mlango wa kweli, na nafasi yake itabaki wazi. Wote wakakaa kutazama.

Umati ulijaa kwenye shuka bila sauti. Kisha akaingia mtu mwenye kikapu, akiburuta mguu wa kushoto. Mguu huo uliangukiwa na gunia la chumvi mwaka waliooana. Mama Nasra alimjua kabla hajamwona uso. Bilali alikaribia behewa, akasimama, akageuka. Akarudi hatua tatu kuelekea mahali ambapo kamera haikufika. Akasimama tena, kisha akageukia treni, akaenda hatua saba, akapanda.

René aliuliza huyu papa anarudi kufuata nini, na wamwekee sauti gani. Mmoja akasema filimbi, mwingine akasema labda mbwa. Mama Nasra ndiye peke yake aliyejua.

Mahali pale kamera haikufika alikuwa amesimama yeye. Asubuhi ile walikuwa wamegombana, mume akatoka bila kuaga, naye akamfuata mbio mpaka stesheni, mtoto mgongoni, mkononi lituma, ndizi za kupondwa alizozifunga kwa majani. Akamwita. Muuza ndizi aliyekaa hapo karibu akageuza kichwa kwa ukali, akamwambia mtu aliyekwisha kushika safari haitwi nyuma, unamharibia njia. Mwiko huo kila mtoto anaujua. Filimbi ikalia, na lituma ikarudi nyumbani.

Hilo ndilo alilolibeba. Alimwita, mume akageuka, njia ikaharibika. Kuandika marehemu kulikuwa kutia sahihi kwamba yeye ndiye aliyemuua. Na kila magharibi, nyuma ya jiko, alisikia mguu ukiburutwa uani. Moja, mbili, tatu, halafu kimya, karibu na kizingiti lakini si kizingitini. Alipotoka hakukuta mtu. Hatua ya nne haikusikika hata siku moja, ndiyo maana mlango ulibaki wazi.

Ijumaa na Jumamosi alifanya kazi na Jephté, mwigizaji aliyepewa nafasi ya Bilali. Jephté aliipunguza mwendo picha kwenye kompyuta ili hatua ziangukie mahali pake. Kwenye pembe ya picha alionekana yule muuza ndizi, na alipogeuza kichwa beseni lake lilisogea, kwa hiyo nalo lilihitaji sauti. Mama Nasra aliijua sekunde ile, maana ndipo alipoita. Akatia mikono kwenye viatu vya mumewe. Bilali akasimama. Akageuka. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hapo ndipo beseni likasogea.

Akaacha viatu. Akamwomba Jephté arudishe nyuma. Bilali akageuka, na muuza ndizi alikuwa bado anapanga ndizi zake, hana hili wala lile. Hatua ya pili, bado anapanga. Kichwa kilishtuka kwenye ya tatu. Walirudia mara tano, na Jephté akachoka. "Mama, itabaki tu vile."

"Rudisha tena."

Mara ya sita ilikuwa vilevile. Bilali aligeuka mwenyewe. Mama Nasra alimwita mtu aliyekuwa tayari anarudi kwake, na kwa miaka ishirini akili yake ilikuwa imelitanguliza jina aliloliita mbele ya mguu uliogeuka. Hakufurahi. Alilia pale juu ya kokoto. Kwanza alimkasirikia muuza ndizi, kisha akajikasirikia mwenyewe. Jephté, ambaye hakujua lolote, alimletea maji.

Jumapili saa kumi alasiri waliziba matundu ya bati kwa maturubai, watu wakajaa. Aïcha alikaa benchi la tatu na mchumba wake, maana mamake alimwomba aje bila kumwambia kwa nini. Abiria mmoja mmoja wakainuka, wakatoka, mabenchi yakaanza kupata mapengo. Jephté akainuka na kikapu chake, mguu wa kushoto nyuma, na kokoto zikalia chini ya viatu vya Bilali mwenyewe. Akasimama. Akageuka. Moja. Mbili. Kwenye ya tatu sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya shuka.

"Papa Aïcha."

Haikuwa kwenye mazoezi. Jephté alisahau mchezo akalitazama shuka, na kwenye shuka Bilali alikuwa anatazama upande huohuo. Aïcha alishika benchi kwa mikono miwili. Maisha yake yote hakuwahi kusikia jina hilo likiitwa kwa mtu aliyepo. Kisha hatua saba, taratibu, na Jephté akatoka mlangoni kama ilivyopangwa.

Aïcha alimkuta mamake bado amepiga magoti, mikono ndani ya viatu.

"Maman, ule njo papa?"

"Njo yeye."

"Alikuwa anarudilia nini?"

"Sisi. Wewe ulikuwa kwa mugongo yangu. Aligeuka yeye mwenyewe, Aïcha, mbele ya mimi kumuita." Akachomoa mikono, akaviweka viatu kimoja kando ya kingine. "Kesho uende kwa imprimerie. Andika marehemu."

Magharibi ile alikuwa jikoni akikoroga sombe ya majani ya muhogo, mlango wazi. Mguu ukaburutwa uani. Moja, mbili, tatu, kimya. Mwiko wa sufuria ulibaki mkononi mwake, hakuinuka. Alisema kwa sauti ndogo, "Wende muzuri."

Ikasikika ya nne. Hatua zilikuwa zinaondoka, zikielekea stesheni, na yeye akazihesabu mpaka ya saba. Kisha akaenda akafunga mlango, na isha ilikuwa bado haijaadhiniwa.