Sauti ya Kinda Aliyelowa

"Bata huyu hana uso, Wagdi. Mnataka niongee na mdomo mtupu?"

Inshirah alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti, mkoba begani, hataki hata kuuweka chini. Nyuma ya kioo, fundi mitambo Wagdi alijikuna kidevu. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Kazi yangu pale studio, mtaa wa Agouza, ni chai, na mtu wa chai hafungiwi mlango.

Tena alikuwa na haki. Hadithi ni ile ile ya bata bukini anayemtafuta kinda wake aliyechukuliwa na mto, ambayo watoto wa Kairo wa enzi hizo waliililia mpaka wakanyimwa televisheni. Zamani ilikuwa katuni ya kuchorwa ya ng'ambo, sauti za Kiarabu zikatiwa hapa hapa studio. Bata alikuwa na nyusi, alikuwa na mashavu, akicheka anacheka mpaka mkia. Sasa wameitengeneza upya na waigizaji halisi, na bata wametolewa kwenye kompyuta. Kila unyoya unauona, lakini uso ni wa karani anayetaka kufunga dirisha. Mtoto apotee, mtoto apatikane, uso hauna habari.

Lamis, binti aliyeletwa na kampuni kusimamia, alimweleza kwa adabu kuwa hili ni jaribio tu, sauti zote zitapelekwa ng'ambo na huko ndiko watakakochagua. Inshirah akamwambia kuwa alikuwa bata huyu kabla mama yake Lamis hajachumbiwa. Lamis akacheka. Si mtoto mbaya.

Inshirah ni wa Shubra, baba yake alikata tiketi kwenye tramu. Alianzia kwenye michezo ya redio, yeye ndiye aliyekuwa akipiga vigelegele vya harusi za watu wengine. Mumewe alikwenda Ghuba kutafuta maisha, akayapata, na mke mwingine ndani yake. Akabaki na Nihal, binti yake. Hakuwa na wa kumwachia, akawa anakuja naye kazini, anamketisha jikoni kwangu na biskuti. Siku ya kurekodi sauti ya kinda, mtoto aliyekodiwa alishikwa na haya, hakutoa hata neno. Nihal akapandishwa juu ya kreti ya soda, akashiriki kipaza sauti kimoja na mama yake. Alikuwa na miaka saba.

Kuongea aliongea. Kulia ndiko alikokataa, akasema hana sababu. Wagdi, kijana wakati huo, akatoka nyuma ya kioo akachuchumaa mbele yake. Akamwahidi kwamba akilia vizuri, Maulidi ikifika atamletea mwanasesere wa sukari, wale wanaouzwa siku hiyo, mrefu kama kile kipaza sauti. Nihal akalia hata mimi nikaacha birika likafurika.

Maulidi ilifika, Wagdi akasahau. Maulidi ya pili Nihal hakuiona. Homa ilikuwa imeshuka kwenye moyo, na moyo wa mtoto ni kitu kidogo.

Tangu hapo, kila sikukuu ya Idi stesheni ya televisheni iliporusha ile katuni, Inshirah aliandaa vileja na chai, akafunga mlango. Majirani, nami nikiwa mmoja wao, tulijua saa hiyo haguswi. Kanda yake mwenyewe ilitafunwa na mashine zamani. Kwenye simu aliitafuta, akakuta iliyotiwa sauti upya na watu wa Beirut. Mwaka huu stesheni ikatangaza kuwa sikukuu wataonyesha mpya, na ya zamani hawatairusha tena.

Ndicho kilichomleta. Bata wala hakumtaka. Alitaka sauti ya Nihal iwekwe kwa kinda mpya, na Wagdi alimwambia wazi kuwa kampuni haitamsikiliza mtu wa nje. Achaguliwe kwanza yeye, halafu waombe.

Basi akauweka mkoba chini, akavaa hedifoni. Picha ikaja: bata ukingoni, ukungu mtoni. Inshirah akaita, "Uko wapi, roho ya mama?"

Akanyamaza.

Bata kwenye skrini aliendelea kupanua mdomo, maneno yakampita. Lamis akasimamisha, akasema, "Umechelewa, mama." Wakarudia. Inshirah akaita, na pale pale akanyamaza, uso ameuinamisha chini kidogo upande wa kulia. Wakarudia tena. Hivyo hivyo.

Lamis akabonyeza kitufe, akasema taratibu, "Mama, hapo hakuna anayekujibu."

Wagdi alishavua hedifoni zake. Mimi na yeye tulijua nani alikuwa akijibu hapo. *Niko hapa, mama, nimelowa.* Upande wa kulia ndiko ilikokuwa kreti.

"Najua," alisema Inshirah. Akachukua mkoba wake.

Jikoni kwangu hakugusa chai. Wagdi akaja, akasimama kama mwanafunzi. Inshirah akamuuliza kama ule utepe wa awali, wenye sauti ya Nihal peke yake, upo. Akajibu kuwa miaka ile tepu zilikuwa adimu, walirekodi juu yake tangazo la samli.

"La samli," alisema Inshirah. "Nililisoma mimi."

Kisha akamtazama. "Ulimwambia alie, akalia. Wewe ulimpa nini?"

Wagdi akarudi kwenye mitambo yake. Kampuni ikachagua msichana mwenye sauti safi. Sikukuu ilipofika, mlango wa Inshirah ulikuwa wazi, na hilo ndilo lililotutisha.

Maulidi tulikuwa kwake tukichambua mlenda mimi na yeye. Wagdi akapanda ngazi zote, lifti imekufa, amekumbatia kitu kwenye karatasi ya rangi ya waridi. Siku hizi wanauza wanasesere wa plastiki wanaoimba. Yeye alizunguka mtaa wa Bab el-Bahr wote mpaka akampata mzee mmoja anayemimina sukari kwenye kalibu bado. Alikuwa mwanasesere mwekundu, mikono kiunoni, pepeo za karatasi mgongoni. Urefu wa kipaza sauti hakuufikia.

"Nimechelewa, Mama Nihal."

"Umechelewa."

Akampokea yule mwanasesere, akamsimamisha juu ya televisheni, akamgeuza atutazame. Akamimina chai kwenye glasi ya Wagdi, akakaa. Sukari ilikuwapo mezani, hakuisogeza. Akainuka, akamvunja yule mwanasesere mkono mmoja, ukalia kama kijiti.

"Nihal hakuwa mchoyo," alisema. "Angekugawia."

Akautumbukiza kwenye glasi ya Wagdi. Wagdi akakoroga mpaka wekundu ukapotea, akanywa yote.