Chanjo ya Nyuki

Shemeji yangu wa Runzewe anaamini kwamba nyuki ni wauguzi. Ukoo wake hurina asali, na kila bibi harusi anayeingia humo hupelekwa mzingani aumwe kidogo. Eti hapo amechanjwa, sumu haitamdhuru tena. Mdogo wangu alipoolewa walimfanyia hivyo. Mkono ukavimba, nao wakapiga vigelegele.

Msimu uliopita nilitoka Shinyanga kwenda kumsalimia mdogo wangu. Wakati wa kurina, nyuki mmoja tu alimuuma shingoni. Kabla hajamaliza kucheka, midomo ilikuwa imevimba, vipele vimemtapakaa mwili mzima, na pumzi inatoka kwa mluzi.

"Tumpeleke zahanati," nilisema.

"Huyo kachanjwa zamani," alijibu shemeji, huku akitafuna sega. "Shemeji msomi, nyuki hawasomi vitabu vyako. Mpeni maziwa, alale."

"Ukimlaza, utamzika."

Nilisimamisha bodaboda, nikampakata njia nzima. Tabibu alimchoma adrenalini pajani hata kabla ya kuuliza jina. Pumzi ilipotulia, akaniambia: "Hii ni anafilaksisi, mzio mkali unaoweza kuua."

Neno hilo limeundwa kwa Kigiriki: sehemu ya kwanza ni kinyume, ya pili ni ulinzi. Walioliunda, wanasayansi wa Ufaransa, waliwadunga mbwa sumu ya kiumbe wa baharini. Baadhi ya mbwa hao, walipodungwa tena baada ya majuma kadhaa, kwa kiasi kidogo tu, walikufa upesi. Kilichodhaniwa kuwa kinga kilikuwa kimewaandalia kifo. Wanasayansi wale walimtazama mbwa aliyekufa wakabadili mawazo. Ukoo wa shemeji haujafikia daraja hilo. Ni kweli kwamba wengi huumwa tena na tena wasipatwe na lolote, na ndiyo maana upuuzi huu umeishi: wanaosimulia faida zake ni wale waliopona.

Jioni shemeji alifika zahanati na chupa ya asali, uso umejaa ushindi. "Si mnaona? Kapona! Sasa ana chanjo mbili. Kesho kutwa tunaendelea kurina."

Mdogo wangu akajiinua kitandani. "Baba watoto, mimi nakwenda Shinyanga na dada. Mizinga ikihamishwa mbali na nyumba, nitarudi."

"Unaniacha kwa sababu ya mdudu? Na watoto?"

"Watoto nakwenda nao. Hakuna atakayewachanja."

Shemeji akageuka kunitazama, kana kwamba shahada yangu ndiyo iliyomuuma mkewe.