Firigisi Iliyosagwa

Mpaka leo nyama ya kusaga hainipiti kooni, na wa kulaumiwa ni dada yangu mkubwa. Miaka hiyo ya tisini tulikuwa tunakaa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, Nairobi, na yeye alikuwa anasaidia jikoni katika hoteli moja mjini. Siku wazee wa mchumba wake walipokuja kumposa, aliazima mashine ya kusagia nyama kazini kwake. Aliapa kwamba wageni watakula baga na madonge ya nyama yenye yai ndani, wajue wamefika Nairobi.

Mama alikuwa ameshamchinja na kumnyonyoa jogoo, kisha akaenda kuteka maji. Nyuma yake dada aliikwangua nyama yote ya jogoo kwenye mifupa, akaichanganya na ya ng'ombe, na vya tumboni vyote juu yake, mimi nikizungusha mkono wa mashine. Ilitoka kwenye vile vitundu kama minyoo, laini, inateleza, na nzi wakaifuata mpaka ndani ya sufuria. Dada akaikanda kwa mikono mitupu, mafuta na damu vikimpanda hadi kwenye bangili. Halafu akachota kidogo, mbichi hivyo hivyo, akaonja chumvi na kulamba kidole. Nilitoka nje kutema mate.

Sisi Waluhya, firigisi ya kuku hapewi kila mtu. Ni ya mgeni mkubwa, tena nzima, na asipoila hakuna neno la maana litakalozungumzwa. Siku hiyo mgeni mkubwa alikuwa baba mkubwa wa mchumba, mzee aliyesafiri kutoka Magharibi ya Kenya kwa shughuli hiyo tu. Aliinamia sahani, akaitazama kwa muda.

"Imondo yangu iko wapi?"

"Firigisi iko humo ndani, baba," dada akajibu. "Niliisaga."

"Uliisaga."

Mama akajifunika uso kwa leso. Mzee akaanza kupasua donge moja moja kwa kidole gumba, akitafuta. Mafuta yaliganda kwenye kucha zake, mayai yakabingirika juu ya kitambaa, na nyama ya katikati ilikuwa bado haijaiva, inachuruzika maji mekundu. Kinyaa kilinishika hata nikasahau kumhurumia dada. Alijua posa imeharibika.

Mchumba wake alikuwa ameketi kando ya mzee. Aliivuta ile sahani, akaanza kula hayo mabaki yaliyopekuliwa, yaliyoiva na yasiyoiva, macho yamemtoka, jasho linamtiririka, mpaka yakaisha. Kisha akakimbilia mlangoni, akatapika kwenye mtaro. Sote tulimsikia.

Mzee alijifuta vidole taratibu.

"Huyo ameshaoa," akamwambia mama. "Haya, tuongee mahari. Lakini kwanza tupikie chai, na huyu binti yako asiiguse."